Udalali wa Jina
Kijana wa Mwanza aliyesajili jina la tovuti liishialo na .co.tz, akalijaza habari sahihi za Kisiwa cha Saanane, Jiwe la Bismarck na dagaa wa Mwaloni Kirumba, kisha akatia viungo vimpelekavyo msafiri kwa wenye hoteli ili naye apate ujira kwa kila chumba kilipiwacho, ni dalali kamili, ijapokuwa hapigi kelele sokoni. (Jina tupu, lijapokuwa fupi na tamu, halimrudishi mgeni mara ya pili.) Kilichowadhikisha wengi wa namna yake ni kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, ambazo, kwa ukali usio na haja kwa rai yangu, ziliwataka wenye blogu walipe ada za leseni zipitazo shilingi milioni 2, kabla hata senti ya kwanza ya ujira haijawasili.