Tuonyesheni kazi, si kompyuta!

Nimeadimika hapa kibarazani, wapenzi wasomaji, mnisamehe. Leo nimerudi na jambo linalonikera sana, na kwa kuwa mimi mwenyewe nimo ndani yake, naomba nianze kwa kukiri kosa.

Miaka mitatu iliyopita mhariri wangu alinituma kwenye uzinduzi wa kozi ya animesheni na ubunifu wa gemu katika chuo kimoja binafsi hapa Dar es Salaam. Sitakitaja. Tulikaribishwa kwa sambusa na soda, tukatembezwa kwenye chumba chenye kompyuta mpya, tukasomewa orodha ndefu ya majina ya programu, na wakati wa kuondoka kila mwandishi akapewa bahasha ya "nauli". Kesho yake habari yangu ikatoka, imejaa sifa tupu. Sikuuliza swali hata moja la maana. Hata moja!

Mama yangu mdogo aliikata habari ile gazetini, akaihifadhi. Mwanawe alikuwa amemaliza kidato cha sita, kijana ambaye tangu darasa la tatu madaftari yake yana michoro mingi kuliko hesabu. Mama mdogo akauza kiwanja chake cha Chanika, akalipa ada. Hakunipigia simu kuniuliza. Aulize nini, wakati jina langu lilikuwa pale juu ya habari?

Leo mdogo wangu ana cheti. Pia ana filamu ya sekunde nane: mpira unadunda, halafu jina lake linatokea likizunguka. Hiyo ndiyo kazi yake yote aliyotoka nayo chuoni. Sasa anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ofisi, anatoa fotokopi na kukata picha za pasipoti. Si kazi ya aibu. Lakini haikuhitaji kiwanja.

Juzi amekuja kwangu na kipeperushi cha chuo kingine. Anataka kujaribu tena. "Kaka, hawa wana programu zote," akaniambia, huku ananionyesha orodha. Orodha ile ile! Ndipo hasira ikanipanda, nikaona bora niandike.

Ndugu zangu, programu si elimu. Mwezi Machi 2025 filamu ya Flow, iliyoongozwa na Gints Zilbalodis wa Latvia, ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu bora ndefu ya animesheni. Iliziacha nyuma Inside Out 2 na The Wild Robot, filamu za makampuni yenye fedha za kutisha. Flow ilitengenezwa kwa Blender, programu ambayo mtu yeyote anaipakua bure. Kwa upande wa gemu iko Godot, nayo ni bure. Sasa chuo kinachokuuzia majina ya programu kinakuuzia nini hasa? Ni sawa na chuo cha ushonaji kujisifu kwamba kina cherehani. Nguo ziko wapi?

Hilo ndilo swali langu la kwanza, na ningekuwa na uwezo ningeliandika kwenye kila geti la chuo: kazi za wanafunzi ziko wapi? Sisemi picha za mahafali. Nasema filamu fupi iliyokamilika, yenye majina ya waliomaliza mwaka juzi. Nasema gemu ambalo naweza kulicheza kwenye simu yangu sasa hivi, hata kama ni dogo. Chuo kikikosa kukuonyesha, funga mkoba wako.

Swali la pili: mwalimu ametengeneza nini? Mwalimu wa udereva lazima awe amewahi kuendesha gari. Kwa nini tunakubali mwalimu wa animesheni ambaye hajawahi kumaliza hata dakika moja ya filamu?

Swali la tatu: mwanafunzi anashika penseli? Sekunde moja ya filamu ni picha 24. Hata ukichora mchoro mmoja kwa kila picha mbili, bado ni michoro 12 kwa sekunde moja tu. Kompyuta inaweza kukujazia picha za katikati, lakini haijawahi kumtazama mama aliyebeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja, ikajua mwili unaegemea upande gani. Mtanzania mwenzetu Gado alianza kuchora katuni katika magazeti ya Nation, Nairobi, mwaka 1992. Mwaka 2000 ndipo akaenda kusomea animesheni Vancouver Film School. Alifika darasani mkono ukiwa umeshazoea kazi.

Na wale wa gemu? Somo la kwanza halihitaji hata umeme. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64. Unaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, unanamua mpaka za mkononi ziishe, ndipo unaingia mtaji. Kwa nini 22? Ukiziondoa tano mchezo unaharibika wapi? Mwalimu anayeweza kukaa na wanafunzi wiki nzima juu ya swali hilo anafundisha ubunifu wa gemu. Anayeanza na "bonyeza hapa" anafundisha kubonyeza.

Najua mtaniambia: kazi zenyewe ziko wapi huku kwetu? Zipo, na zimekuwepo muda mrefu. Tinga Tinga Tales, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2010 na kubeba jina la mchoraji wetu, ilitengenezwa Nairobi. Kizazi Moto ya mwaka 2023, yenye filamu fupi kumi, ina kazi ya Ng'endo Mukii wa Kenya na ya Raymond Malinga wa Uganda. Jina la Kiswahili, lakini Mtanzania hayumo miongoni mwa waongozaji wake. Hapa hapa Dar tunao Ubongo, waliotuletea Ubongo Kids mwaka 2014, kisha Akili and Me. Ukienda kuomba kazi sehemu kama hizi, cheti hakikufungulii mlango. Watakuambia: hebu tuone ulichofanya.

Mtaniambia pia: basi vijana wajifunze wenyewe mtandaoni. Hapana, sikubali. Bando ni ghali, umeme una mambo yake, na filamu haitengenezwi na mtu mmoja aliyejifungia chumbani. Zilbalodis aliwahi kutengeneza filamu ndefu nzima peke yake, Away ya mwaka 2019, lakini hata yeye kwa Flow alihitaji timu. Chuo kizuri kinakupa wenzako wa kufanya nao kazi na mwalimu wa kukuambia "rudia". Hivyo vina thamani ya ada. Ndiyo maana nakasirika vinapokosekana.

Na usajili? Uliza NACTVET, ndiyo. Ni lazima. Lakini muhuri unakuambia tu kwamba chuo kinatambulika. Haukuambii kama wanafunzi wake wanamaliza filamu.

Jumamosi tulikwenda na mdogo wangu kwenye chuo kile cha kipeperushi. Dada wa mapokezi, mchangamfu kabisa, akatupeleka moja kwa moja kwenye chumba cha kompyuta. Nikamwambia, dada, ahsante, tunaomba kuona kazi za wanafunzi waliomaliza. Akaenda kuuliza, akarudi. "Kazi za wanafunzi ni siri ya chuo."

Siri! Filamu inatengenezwa ili isionekane?

Hatukulipa. Tutaendelea kutafuta, na kila chuo tutakachoingia tutauliza maswali yale yale. Wakati huo mdogo wangu anachora nyuma ya karatasi za fotokopi zilizoharibika, makondakta na abiria wa daladala, kila siku karatasi tano. Kwa mama mdogo nimeshakwenda kuomba radhi. Alinisikiliza, akanikaribisha chai. Kile kipande cha gazeti bado anacho, nami sikuthubutu kumwambia akitupe.

Wewe uliyesoma kozi hizi, tuwekee hapa chini kazi uliyoimaliza chuoni, tuione. Na waandishi wenzangu, tukiitwa tena kwenye uzinduzi, tule sambusa, bahasha tuziache mezani, tuulize.

Naomba kuwasilisha.