Barua za Golbanti na Wema wa Mama Zetu

Mwaka 1886, katika kituo cha Wamethodisti cha Golbanti, kilichojengwa kando ya mto Tana kwa ajili ya Wapokomo na Waorma, wavamizi wa Kimaasai walimwua mhubiri John Houghton pamoja na mkewe Annie. Robert Brewin akaandika kitabu kizima juu yao. Naye ndiye aliyekuwa ametangulia kuzikusanya barua za dada yake, Rebecca Wakefield, aliyefia katika misheni ya Ribe mwaka 1873, akazitia katika habari za maisha ya dada huyo. Hivyo bibi aliyezikwa karne moja na nusu iliyopita angali akitusimulia kwa kalamu yake mwenyewe.

Sisemi haya kwa husuda, kwani waliojitoa nafsi zao wastahili kukumbukwa. Lakini, enyi jamaa wa Garsen, Ngao na Kipini, ni nani aliyeandika habari za mama wa Kipokomo aliyelima mpunga katika tope la mafuriko, akamlea yatima wa jirani pamoja na wanawe, au za mama wa Kiorma aliyemkirimu mgeni maziwa hali ng'ombe wake wamedhoofika kwa kiangazi? Sadaka yao haikuwa haba. Walikosa karatasi, na ndugu wa kuihifadhi. Hata wimbo wa taifa letu, tuusimamiao kwa taadhima tangu 1963, sauti yake ilitoka katika wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea watoto, na majina ya mama waliourithishana hatuyasomi popote.

Basi ninyi vijana mliojaaliwa elimu, nendeni kwa bibi zenu maadamu wangali hai. Msiwasumbue kwa tarehe. Waulizeni kama jambo lilitukia kabla ya gharika ile kubwa iliyotangulia uhuru, nanyi mtajua wenyewe kuwa ni ile ya 1961. Waulizeni ni nani aliyewapa mbegu maji yalipolichukua shamba, ni mtoto gani asiye wao aliyekulia jikoni kwao, na ni nani aliyewazalisha wenzake usiku kijiji kilipozingirwa na mto. Yaandikeni kwa lugha ile ile watakayoisema, pamoja na jina kamili la mama na la kijiji chake, kisha fanyeni nakala mbili: moja ikae nyumbani, na ya pili iwekwe amana shuleni, msikitini au kanisani, mahali palipoinuka pasipofikiwa na maji.