Kamera ya kishikwambi cha shule: mfuniko uwe mikononi mwa mtoto

Tarehe 27 Januari 2010, mjini San Francisco, Steve Jobs, mkuu wa Apple wakati huo, aliketi kwenye kochi jukwaani, akaiweka iPad ya kwanza mapajani na kuwaonyesha waandishi wa habari namna ya kusoma gazeti, kutazama sinema na kuandika barua pepe. Maonyesho yalipokwisha watu wakaanza kuulizana: kamera iko wapi? Kifaa chenye kioo cha inchi 9.7, bei yake ikianzia dola 499, hakikuwa na kamera hata moja, si mbele wala nyuma. Kampuni hiyohiyo ilikuwa imeshaweka kamera kwenye kompyuta mpakato zake, na Septemba 2009 ilikuwa imeiweka hata kwenye iPod nano, kifaa cha kusikilizia muziki kinachoenea kiganjani.

Hapo ndipo ubashiri ulipoanza. Mafundi waliopata vipuri vya fremu walidai wameona nafasi inayolingana kabisa na kamera ya kompyuta mpakato. Waliochungulia programu za wasanidi nao walisema kuna dalili za kamera ndani yake. Kwa zaidi ya mwaka mzima mabishano yalikuwa hayahaya. Waliotaka kamera walisema kioo kikubwa kiasi kile kimeumbwa kwa mazungumzo ya video. Wasioitaka waliuliza ni nani atakayeinua kifaa cha gramu 680 mbele ya watu ili apige picha harusini. Septemba 2010 Samsung ilitangaza Galaxy Tab jijini Berlin ikiwa na kamera mbili, na kabla mwezi haujaisha watengenezaji wa BlackBerry wakatangaza PlayBook, nayo ya kamera mbili. Tarehe 2 Machi 2011 iPad 2 ilitangazwa ikiwa na kamera mbele na nyuma, zote hafifu. Ya nyuma haikufikisha hata megapikseli moja kwa picha za mnato. Mabishano yakaishia hapo. Amazon ilijaribu njia nyingine mwishoni mwa 2011 kwa Kindle Fire ya dola 199 isiyokuwa na kamera wala maikrofoni, lakini mwaka uliofuata toleo la HD likaja na kamera ya mbele.

Naona mjadala ule ulifungwa mapema mno, tena juu ya jambo dogo. Watu walipima uzuri wa picha: je, itashinda simu? Itapendeza? Jambo zito, yaani nani ana uwezo wa kuifungua lenzi hiyo na nani ana uwezo wa kuifunga, halikuguswa. Na kisa cha kuliibua kilikuwapo palepale Marekani, wiki chache tu baada ya Jobs kushuka jukwaani.

Februari 2010, familia moja ya jimbo la Pennsylvania iliishtaki wilaya ya elimu ya Lower Merion. Wilaya hiyo ilikuwa imewagawia wanafunzi wa sekondari kompyuta mpakato kama 2,300 za kwenda nazo nyumbani. Ndani yake mliwekwa programu ya kufuatilia kompyuta iliyoibwa. Ikishawashwa kutoka ofisini, programu hiyo ilipiga picha kwa kamera ya mbele na kunakili kilichokuwa kwenye kioo, kila baada ya dakika chache, bila mwenye kifaa kuambiwa. Uchunguzi ulikuta picha zaidi ya 56,000. Kati yake mlikuwa na picha ya mtoto aliyelala kitandani kwake. Wapo wanafunzi walioona taa ya kijani kando ya kamera ikiwaka ghafla na kuzima, wakaambiwa ni hitilafu ya kompyuta. Wilaya ilimaliza kesi Oktoba mwaka huo kwa malipo ya dola 610,000.

Turudi kwetu. Vishikwambi vimeshaingia katika shughuli za serikali za Afrika Mashariki kwa wingi ambao mwaka 2010 hakuna aliyeufikiria. Kenya ilianza mwaka 2016 kupeleka vifaa vya kidijitali vya wanafunzi na walimu katika shule za msingi za umma, vikapita milioni moja katika shule zaidi ya 20,000. Tanzania iliendesha Sensa ya Agosti 2022 kwa vishikwambi, kisha ikavigawa kwa walimu. Awamu nyingine zitakuja, na safari nyingine kifaa kitakuwa cha mtoto mwenyewe, cha kutia begini na kwenda nacho nyumbani. Kwa hiyo swali la 2010 ni letu sasa: kishikwambi kijacho cha mwanafunzi kiwe na kamera?

Nasema kiwe nayo. Na nisingependa mtu afikiri ninaitetea kwa ajili ya mapambo.

Anayedharau kamera ya kishikwambi autazame uchaguzi wa Kenya. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya urais, na miongoni mwa sababu zake kubwa ilikuwa jinsi matokeo yalivyosafirishwa: Tume ya uchaguzi ilikuwa imemtangaza mshindi kabla ya kupokea Fomu 34A za vituo vyote. Fomu 34A ni karatasi inayojazwa kwa mkono katika kituo cha kupigia kura, mbele ya mawakala, baada ya kura kuhesabiwa. Mwaka 2022 msimamizi wa kituo aliielekeza lenzi ya kifaa cha uchaguzi kiitwacho KIEMS, ambacho kwa umbo ni kishikwambi, kwenye karatasi hiyo, akaipiga picha na kuituma. Picha kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye tovuti ya wazi. Mwananchi wa Lodwar aliweza kufungua fomu ya kituo cha Likoni akaona mwandiko wa msimamizi, tarakimu iliyokatwa na kuandikwa upya, na sahihi za mawakala mmoja baada ya mwingine. Madai kwamba fomu zilichezewa njiani yalipofika mahakamani, picha zile zililinganishwa na karatasi halisi. Tarehe 5 Septemba 2022 majaji waliyatupilia mbali madai hayo. Katika mabishano ya Marekani ya 2010 sikumbuki aliyesema kwamba kamera ya kishikwambi ingeweza siku moja kuwa shahidi wa kura ya nchi nzima.

Shambani ni vilevile. Programu ya Nuru, iliyotengenezwa na mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, hufanya kazi kwa kamera ya simu. Mkulima anailenga lenzi kwenye jani la muhogo, programu inamwambia kama ni batobato, michirizi kahawia au utitiri wa kijani, na haihitaji intaneti kufanya hivyo. Mwanafunzi wa darasa la sita huko Mkuranga anayeishi katikati ya mashamba ya muhogo angejifunza sayansi ya mimea kwa namna ambayo ubao hauwezi kumpa. Angejifunza kutazama jani la shamba la bibi yake, kulilinganisha na la jirani, kuandika tarehe, na kurudi wiki inayofuata kuona kama doa limepanuka. Mwalimu angepiga picha ukurasa wa daftari wenye kosa linalojirudia na kulijadili na darasa zima. Mtoto angeitunza picha ya chura, ya mwamba, ya mtumbwi unaochongwa, akaandika insha juu ya kitu alichokiona kwa macho yake. Ukiing'oa kamera ya nyuma unakibakiza kifaa cha kumeza yaliyoandikwa na wengine.

Ya mbele ndiyo yenye mgogoro. Wapo wanaosema ing'olewe kabisa, na hoja yao ni nzito kuliko inavyodhaniwa. Huko Lower Merion mtoto ana chumba chake na mlango wa kufunga. Kwetu, katika mitaa kama Mwananyamala au Kawangware, familia nyingi zinaishi chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Kishikwambi kikisimamishwa juu ya meza ili mtoto afanye hesabu za jioni, kamera ya mbele inaona kitanda cha wazazi, inamwona mama akibadilisha kanga, mjomba aliyefika kutoka kijijini akiwa amelala sakafuni, bibi mgonjwa anayegeuzwa ubavu. Hakuna hata mmoja wao aliyetia sahihi fomu ya kupokea kifaa. Mzazi aliyetia sahihi aliambiwa juu ya chaja na kioo kisipasuke. Sijui ni wangapi walioambiwa juu ya lenzi.

Hata hivyo siafiki ing'olewe, na sababu yangu ya kwanza ni watoto viziwi. Kwa mtoto anayezungumza kwa lugha ya alama, kamera ya mbele ndiyo sauti yake. Bila hiyo hawezi kumuuliza mwalimu swali akiwa mbali, hawezi kuongea na rafiki aliyehamia mkoa mwingine, wala mkalimani hawezi kuingia darasani kwa njia ya video pale shule isipokuwa na mkalimani wake. Serikali ikinunua vifaa visivyo na kamera ya mbele kwa jina la usalama, itakuwa imewafungia nje watoto hawa, ambao mara nyingi ndio wa mwisho kufikiriwa zabuni inapoandikwa.

Kinachotakiwa basi ni mfuniko. Kibao kidogo cha plastiki kinachoteleza juu ya lenzi ya mbele, kilichojengwa ndani ya fremu, kinachosukumwa kwa ukucha. Kikifungwa hakuna programu, fundi wa wizara wala mdukuzi wa nchi yoyote atakayeona kitu, kwa sababu mwanga haupiti plastiki nyeusi. Mwaka 2016 James Comey, wakati huo mkurugenzi wa FBI, alieleza hadharani kwamba ameziba kamera ya kompyuta yake kwa kipande cha utepe wa gundi. Mtu aliyekuwa na idara nzima ya wataalamu chini yake alikiamini kipande cha utepe. Mtoto wa darasa la tatu anastahili angalau kiasi hicho, na anastahili kuikuta kinga hiyo imeshawekwa kiwandani badala ya kutafuta utepe dukani.

Wapo watakaosema taa inatosha: kamera ikifanya kazi taa iwake, mtumiaji ataona. Wazo hili lina historia nzuri. Kompyuta ya XO ya mradi wa One Laptop per Child, ambayo Rwanda ilisambaza zaidi ya 200,000 mashuleni na ambayo kioo chake huzungushwa na kulazwa ikawa kama kishikwambi, iliundwa taa yake ya kamera ikiwa imeungwa moja kwa moja kwenye saketi, ili programu isiweze kuiwasha kamera kimyakimya. Ulikuwa usanifu wa watu waliomfikiria mtoto, nami nauheshimu. Lakini kisa cha Pennsylvania kinaonyesha mahali taa inapofikia kikomo. Taa iliwaka, watoto waliiona, wakauliza, wakajibiwa kwamba ni hitilafu. Na aliyekuwa amelala hakuiona kabisa. Taa humwambia mtoto kwamba anatazamwa. Haimpi njia ya kukataa.

Sheria pia tunazo. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, Tanzania ikapitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Haziko kwenye karatasi tu: Septemba 2023 Kamishna wa Data wa Kenya aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Nafurahi sheria zipo. Ila sheria hufika baada ya picha kupigwa, na picha ya mtoto ikishasambaa faini hairudishi kitu.

Ipo hofu nyingine ninayoisikia kwa walimu, kwamba wanafunzi watawarekodi darasani, watapigana picha za kudhalilishana chooni na bwenini. Ni hofu ya kweli, lakini simu za wakubwa zilizoko nyumbani tayari zinafanya hayo. Shule itahitaji kanuni na usimamizi, kifaa kiwe na kamera au kisiwe nayo.

Linalonisumbua zaidi ni wakati. Zabuni ya vishikwambi ikishatangazwa, masharti ya kiufundi hayabadiliki kirahisi. Ikishafunguliwa, hayabadiliki kabisa. Katika masharti hayo utakuta ukubwa wa kioo, uwezo wa betri, ukinzani wa vumbi na urefu wa kuanguka bila kuvunjika. Uongezwe mstari unaodai mfuniko uliojengwa ndani ya fremu kwa lenzi ya mbele, na mwingine unaomtaka mzabuni aeleze kwa maandishi ni programu gani zinaweza kuiwasha kamera kutoka mbali na nani atakuwa na ufunguo wake. Wizara za elimu za Dodoma na Nairobi ziwaite mezani Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Kamishna wa Data na vyama vya viziwi rasimu ikiwa bado rasimu. Bei ikibana, zipunguzwe megapikseli za kamera ya nyuma: jani la muhogo na ukurasa wa daftari huonekana vizuri kwa lenzi ya kawaida. Mfuniko usiguswe.