Ufufuo Si Kuudharau Mwili
Tangu mwaka 2023, maiti zilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, hadi zikapita 400, za watu wanaodaiwa kushawishiwa wafunge hadi kufa ili wamlaki Yesu, wapo wanaoilaumu imani ya ufufuo yenyewe. Lawama hiyo haina msingi. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, anautetea ufufuo wa mwili katika sura ya 15, yenye aya 58. Ya mwisho yahimiza kazi. Papo hapo anaagiza mchango kwa waumini wa Yerusalemu. (Hata kiwanda, kwa lugha yetu, hufufuliwa ili kifanye kazi.) Mwalimu wa dini anayekomea sura ya 15 huwanyima wanafunzi nusu ya hoja.