Asali 'Mbichi' na Lugha ya Mrinaji

Kivumishi '-bichi' kina maana zaidi ya moja katika Kiswahili. Nyama mbichi ni ile isiyopikwa. Embe bichi ni lile lisiloiva. Msemaji wa kawaida hatatizwi na tofauti hii, maadamu nomino yenyewe humwelekeza. Tatizo huzuka pale kivumishi hiki kinapoambatishwa kwenye asali. Wafanyabiashara wanaotaka kuisifu bidhaa yao kwa Kiswahili huiita 'asali mbichi', wakikusudia asali ambayo haikupashwa moto wala kuchujwa mno hata ikapoteza chavua. Makala hii inashikilia kwamba tafsiri hiyo humpotosha mnunuzi, na kwamba istilahi iliyo bora ingetafutwa kwa mrinaji, si katika kamusi ya Kiingereza.

Ifahamike kwamba asali nayo huiva. Nyuki hukusanya mbochi uliojaa maji, wakautia katika vitundu vya sega, kisha wakaupepea kwa mabawa hadi maji yakapungua. Yakisha kupungua vya kutosha, huviziba vitundu hivyo kwa nta. Mrinaji stadi huingoja nta hiyo. Akirina mapema, asali huwa na maji mengi na huchacha upesi; ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha Codex Alimentarius hakiruhusu, kwa aina nyingi za asali, maji yazidi asilimia 20. Asali iliyorinwa kabla ya wakati ndiyo inayostahili kuitwa mbichi, na ubichi huo ni kasoro. Sifa inayokusudiwa na muuzaji ni kinyume chake kabisa: asali iliyopevuka mzingani na isiyotiwa motoni baada ya kurinwa. Kwa nini basi isiitwe 'asali pevu isiyopashwa moto'?

Yamkini wapo watakaodai kuwa huu ni ubishi wa maneno tu, kwamba mnunuzi huonja, hasomi. Dai hili halina mashiko. Asali safi aghalabu huganda ikawa chembechembe kutokana na glukosi iliyomo. Mnunuzi asiyeelezwa hayo hudhani imetiwa sukari, akaikataa. Muuzaji naye, kwa kuhofia kumpoteza mteja, huipasha moto ili ibaki majimaji. Joto likizidi, vimeng'enya huharibika na harufu ya maua hutoweka. Hivyo basi, upungufu wa maelezo humwadhibu mzalishaji mwaminifu na kumtuza asiyejali.

Maelezo hayo yamo vinywani mwa warinaji. Chukua mfano wa Waogiek wa msitu wa Mau, ambao hutengeneza mizinga ya magogo ya mtarakwa na kuitundika mitini. Kijadi, msitu uligawanywa baina ya koo katika maeneo yaitwayo konoito, yaliyopanda kutoka nyanda za chini hadi za juu. Kwa kuwa maua huchanua kwa zamu kulingana na mwinuko, mrinaji alihama nayo msimu hadi msimu. Katika utaratibu huo, mti unaochanua una thamani kuliko mbao zake. Methali 'Fuata nyuki ule asali' hufafanuliwa darasani kama wito wa kuandamana na watu wenye manufaa. Mrinaji huielewa kwa uzito zaidi: anayemfuata nyuki hufika kwenye ua, na ua lisipokuwapo hakuna cha kula.

La kusikitisha ni kwamba wenye maarifa haya hawajatulia katika makao yao. Mnamo Oktoba 2009 walipewa ilani ya siku 30 kuuhama msitu. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek, na kwamba uhifadhi wa msitu haukuhalalisha kufurushwa kwao. Tarehe 23 Juni 2022 mahakama hiyo iliagiza walipwe fidia na wapewe hatimiliki ya pamoja. Licha ya hayo, Novemba 2023 nyumba zilibomolewa huko Sasimwani, Kaunti ya Narok. Mrinaji anapofurushwa, huacha mizinga nyuma yake. Na watoto wake, wasiopanda tena mitini, hawatakuwa na haja ya maneno ya kazi hiyo.

Hapa ndipo ulipo wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili. Lugha hii tayari ina 'kurina', 'mbochi', 'chavua' na 'sega', maneno ambayo wengi huyakutana nayo kamusini tu. Mtafiti wa istilahi anayetaka kuyapanua hana budi kuondoka maktabani, akaketi na warinaji wa Mau, Baringo na Kitui, akasikiliza wanavyoitofautisha asali kwa ua, kwa msimu na kwa ukomavu. Kisha, atakaporejea chuoni, aitetee haki ya waliomfundisha kuendelea kuishi mahali ambapo maneno hayo yana kazi.