Ushahidi wa Rangi

Picha ya kamera aghalabu huaminiwa kuliko maneno ya msimulizi. Kwa upande wa michoro ya rangi imani hiyo haina msingi, na sisi wanachuo wa Nyanda za Juu Kusini twaifuga kwa uvivu.

Kando ya mji wa Iringa, katika jabali la Igeleke, watu wa kale waliacha michoro ya watu na wanyama kwa rangi nyekundu. Nimepata kuwekewa mezani, hapa Mbeya, picha tatu za mchoro mmoja wa hapo, kutoka tasnifu tatu. Ya kwanza ina rangi ya chungwa. Ya pili ni damu ya mzee. Ya tatu ni hudhurungi iliyoelekea zambarau. Chini ya kila moja yameandikwa maneno mawili tu: mchoro mwekundu. Nani kati yao amesema kweli? Hapana awezaye kujibu bila kupanda basi mpaka Iringa akajionee mwenyewe.

Jabali halikubadilika, nuru ndiyo iliyobadilika. Jua la adhuhuri hukaribia weupe, la jioni hutia wekundu, na kivulini, chini ya mbingu iliyo wazi, nuru huwa na usamawati. Kamera nayo, ikiachiwa kujiamulia, hukisia weupe ni upi. Ikiona uwanja mzima umejaa wekundu, yaweza kudhani hilo ni kosa la nuru na kuupunguza wekundu ule ule iliotumwa kuuleta!

Dawa inajulikana. Kadi yenye viraka 24 vya rangi, iliyoanza kutumika mwaka 1976, husimamishwa karibu na mchoro bila kuugusa, katika nuru ile ile, ikapigwa picha. Baadaye programu hulinganisha viraka hivyo na vipimo vyake na kuirekebisha picha. Faili ghafi la kamera huhifadhiwa. Asiyeimudu kadi hiyo atumie kadi ya kijivu. Haimalizi kazi, walakini ni bora kuliko kubahatisha. Michoro ya siku hizi yenye rangi za kung'aa, kama ile ya mtindo alioanzisha Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968, yataka pia taa mbili za aina moja, kila upande moja, kwa nyuzi 45, ili mng'ao usiingie kamerani.

Husemwa kwamba kila kioo cha kompyuta kina rangi zake, basi kwa nini tusumbuke? Hoja dhaifu. Mizani za sokoni hupishana, wala hatujaacha kuwa na kilo. Kioo kibovu chaweza kurekebishwa kesho. Picha iliyopigwa bila kipimo haina pa kurejea.

Wako wenye kosa kubwa zaidi. Programu ya DStretch, aliyoitunga Jon Harman, hukuza tofauti ndogo za rangi hata mistari iliyofifia ionekane. Ni chombo chema. Lakini rangi zake ni za kubuni kwa makusudi, na picha yake ikichapwa pasipo kutajwa, msomaji atawasingizia wachoraji rangi wasizozipaka.

Michoro ya majabalini hufifia kwa mvua, moshi na mikono ya watu. Mary Leakey alipoinakili ile ya Kondoa mwaka 1951, kazi ilikuwa ya mkono na jicho. Sisi tuna kipimo, nacho twakiacha nyumbani. Atakayetaka kujua, miaka 50 ijayo, Igeleke imefifia kiasi gani, atapima kwa picha ipi kati ya zile tatu? Tasnifu yoyote ya michoro itakayofika kwangu bila picha hata moja yenye kadi, nitamrudishia mwenyewe kabla ya kuisoma.