Jani Lasema, Mzizi Ndio Mgonjwa



Safari hii tunagombana nanyi, na tunaomba mtuvumilie. Kila tunapoingia katika nyumba za ndugu zetu hapa Uingereza tunaikuta dirishani ile okidi ndogo ya dukani, yenye majani mapana yanayong'aa na maua mfano wa kipepeo, imeshaanza kusinyaa. Maua yamepukutika, majani yamelegea kama masikio ya mbuzi, na mwenye nyumba ameshatoa hukumu: "Haipati maji ya kutosha." Anamimina kikombe kingine. Wiki mbili baadaye iko kwenye pipa la taka, nasi tunaambiwa okidi ni ua la kudeka, halimfai mtu anayerudi kazini usiku.

Hapana. Okidi hiyo haikufa kwa kudeka. Imezamishwa.

Jina lake la kitaalamu ni Phalaenopsis, na asili yake ni misitu ya joto ya Asia, hasa upande wa kusini-mashariki. Wengi wa jamaa zake hawaoti udongoni. Hushika magome ya miti, mvua ikawapiga, upepo ukawakausha. Mizizi yake imevikwa ngozi nyeupe kama sifongo, inayofyonza maji upesi na kudai hewa. Sasa chukua mmea wa namna hiyo, uuzungushie kuvumwani kulikoshindiliwa, utie katika kopo, kopo ulitumbukize ndani ya chungu cha mapambo kisicho na tundu hata moja. Mizizi inaoza. Mizizi ikioza, mmea hauna cha kunywea, na jani linakunjamana kwa kiu huku chini kumejaa dimbwi! Hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu jani la okidi iliyonyimwa maji na jani la okidi iliyooza mizizi ni ndugu wa tumbo moja. Kwa kulitazama jani peke yake hutajua. Itoe koponi uangalie. Mzizi mzima ni mgumu ukiubonyeza, rangi ya fedha ukiwa mkavu na kijani ukilowa. Uliooza ni wa kahawia, laini, na ngozi yake huvuka ikaacha uzi mtupu.

Wapo wanaolaumu barafu, yale maelekezo ya kuweka vipande vitatu kwa wiki. Tuseme haki: utafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State na Chuo Kikuu cha Georgia uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba okidi zilizopandwa kwenye magome na kumwagiliwa kwa barafu hazikudhurika. Adui ni lile kopo lisilopumua, wala si barafu. Na adui wa pili ni sisi wenye haraka ya kutibu jani: huyu analipaka mafuta ling'ae, yule anatia mbolea kwenye mmea usio na mizizi ya kuipokea, na wa tatu anamwaga mdalasini wa jikoni mpaka mizizini. Mdalasini unakausha. Ukitaka, ubandike penye kidonda cha jani, lakini mizizi uiache.

Si kila jani lina msiba, jamani. La chini kabisa likigeuka manjano polepole, peke yake, huo ni uzee. Baka jeupe kavu upande wa dirishani ni jua limeunguza. Sogeza mmea kwenye dirisha la mashariki. Doa la majimaji linalonuka na kuenea, hilo ndilo la kukimbilia: kata kwa wembe uliopitishwa motoni, na usiache maji yatuame katikati ya majani. Ukiona vitu vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani, hao ni vidung'ata. Wapanguse kwa pamba yenye spiriti, kisha rudia baada ya wiki, maana hawaondoki kwa mara moja.

Kuihamisha nako si kazi ya fundi. Subiri maua yaishe, isipokuwa mizizi imeoza, hapo usisubiri. Loweka mizizi kidogo ilainike, toa kuvumwani kote, pamoja na kile kidonge kilichojificha katikati ambacho wengi hukiacha na ndicho kinachoozesha. Kata vilivyooza tu. Chagua kopo la plastiki lenye matundu linaloienea mizizi iliyobaki, si zaidi. Kwa okidi ndogo sentimita 9 mara nyingi zinatosha. Jaza vipande vya magome ya msonobari vilivyolala kwenye maji usiku kucha, na shina lisizikwe. Kaa siku chache ndipo umwagilie, maji yapite, umwage yaliyobaki chini. Yale majani yaliyokunjamana huenda yasinyooke tena. Tazama jani jipya na ncha mpya za mizizi, hizo ndizo zitakazokupa habari. Na usiku wa baridi kiasi wa msimu wa majani kupukutika, nyuzi 15 hadi 18 hivi karibu na kioo, huiamsha itoe kikonyo kipya bure bila gharama.

Kuna wanaotucheka kwamba maua ni mambo ya Kizungu. Wamesahau vikuba? Wamesahau asumini na kilua zilizosukwa na bibi zetu, na mrehani uani? Aliyelelewa katika harufu hiyo hana haki ya kutupa mmea hai kwa sababu umemaliza maua.

La mwisho linatuudhi kuliko yote. Wapo wanaorudi likizo na okidi za porini zimefungwa kwenye khanga ndani ya sanduku. Okidi zote ziko chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, na kuzivusha mpaka bila kibali ni kosa. Tena nyanda zetu za kusini zimeshaumia vya kutosha, kwa kuchimbwa viazi vya okidi vinavyopelekwa Zambia kutengenezewa chikanda. Kitulo, ambako wenyeji huita Bustani ya Mungu, pamekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005. Mwenye kuzitaka aende huko kati ya Desemba na Aprili, azitazame zikiwa zimesimama kwenye majani ya mlimani, apige picha, na sandukuni alete viungo na kahawa.